Skana na Linux: soma namba kabla hujatoa hela

Shangazi yangu anakaa Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili, na marehemu mumewe alikuwa mpiga picha, studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Siku moja nimepita kumsalimia, shikamoo, marahaba, akavuta bati la biskuti toka uvunguni akaniambia mwanangu we si ndo unajua mambo ya kompyuta, hebu nitolee picha zilizomo humu kabla hazijaoza zote. Nafungua nakuta negativu, mamia kwa mamia, nyingine zimeanza kuota ukungu maana hewa ya pwani yetu hii mnaijua, hata mkanda wa kiatu ukiuacha kabatini masika yote unautoa wa kijani.

Sasa laptopu yangu ina Linux Mint (mfumo wa kuendesha kompyuta, mbadala wa Windows) na sikutaka kurudi Windows kwa ajili ya skana tu. Nikakurupuka nikanunua skana ya mtumba kwa jamaa mmoja, ina mfuniko wenye taa, ina vishikizo vya negativu, safi kabisa kwa macho, nimefika nayo nyumbani kumbe chipu yake haina draiva (programu ya chini inayoongea na kifaa) ya Linux hata moja duniani. Wiki tatu nahangaika. Hela imekwenda na bati la shangazi liko vile vile. Kwa hiyo huu mwongozo nauandika ili mwenzangu asipitie hiyo njia, iwe unataka kuskani vyeti na hati za kiwanja au picha za wazee wako.

Kwanza ujue draiva zinatoka wapi

Windows skana huja na programu yake. Kwenye Linux (na FreeBSD pia) karibu kila kitu kinapitia mradi mmoja unaitwa SANE. Ndani ya SANE kuna draiva nyingi ndogo ndogo, kila moja inahudumia ukoo wake wa skana: genesys, pixma, plustek, epson2, fujitsu na kadhalika. Programu unayoiona kwenye skrini, iwe Simple Scan au XSane, yenyewe ni uso tu, inayozungumza na mashine ni hiyo draiva ya chini. Ndo maana mtu akikwambia "mi nimebadilisha programu nne na bado inagoma" ujue anabadilisha mapazia wakati mlango umefungwa.

Na jina la kwenye boksi halikwambii draiva ni ipi. Chukua Canon LiDE, hizi nyembamba zilizojaa stesheneri. LiDE 25 inatumia draiva ya plustek, LiDE 110 na 210 zinatumia genesys, LiDE 300 na 400 zinatumia pixma. Jina moja la ukoo, draiva tatu tofauti. Sasa we ukisikia "LiDE zote zinakubali Linux" bila kujua ni ipi, na Linux yako ni ya zamani, unaweza ukajikuta umebeba mpya ambayo draiva yako haijawahi kuisikia.

Kitu kisichodanganya ni namba ya USB. Kila kifaa cha USB kina namba ya kiwandani, nusu ya kwanza ni ya kampuni na nusu ya pili ni ya modeli. Chomeka skana, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

lsusb

Utaona mstari kama huu:

Bus 001 Device 005: ID 04a9:1909 Canon, Inc. CanoScan LiDE 110

Hiyo 04a9 ni Canon, 1909 ni hiyo LiDE 110. Epson ni 04b8, HP ni 03f0, Brother ni 04f9, Plustek ni 07b3. Ukishaipata namba nenda kwenye orodha ya vifaa ya mradi wa SANE, tafuta kwa hiyo namba. Kila kifaa kimepewa daraja: ukiona complete au good nunua kwa amani, ukiona basic ujue itaskani lakini vitu fulani havitafanya kazi (mara nyingi ni hiyo taa ya filamu, ambayo ndo unaitaka), ukiona minimal au unsupported mrudishie mwenye nayo.

Nenda dukani na laptopu yako

Hii hatua ndo ningeambiwa mapema ningeokoa hela. Kama huna laptopu yenye Linux, azima ya mtu, uitengenezee flashi ya Linux Mint au Debian ya kuwashia bila kuinstoli chochote. Faili la Mint ni karibu GB 3 hivyo lidownlodi usiku wakati bando ni la bei nafuu, flashi ya GB 8 inatosha. Unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi, mashine ya mwenyewe haiguswi kitu.

Dukani fanya hivi, na usione aibu, hela ni yako. Chomeka skana. Andika lsusb, soma namba. Kisha:

scanimage -L

Kama amri haipo, instoli kwanza kwa sudo apt install sane-utils, ni kapakiti kadogo bando la kawaida linatosha. Ikikujibu "device `genesys:libusb:001:005' is a Canon LiDE 110 flatbed scanner" basi mmeelewana. Angalizo: wakati mwingine inakujibu kuna kifaa kinaitwa v4l:/dev/video0, watu wanashangilia, hiyo ni kamera ya laptopu yako, sio skana. Sijui ni wangapi wameshatoa hela kwa furaha ya hiyo v4l.

Ikionekana usiishie hapo. Weka karatasi yenye maandishi madogo, kitambulisho kinafaa sana, skani kwa dpi 300 (nukta kwa inchi), kuza picha uangalie kona zote nne. Mstari mmoja mwembamba unaoshuka toka juu hadi chini maana yake kuna uchafu au doa kwenye sehemu ya kupimia mwanga, mara nyingi linafutika. Mistari mingi ya rangi rangi, achana nayo. Sikiliza pia mwendo: sauti ya kukwaruza kwa nguvu mwanzoni tu inawezekana ni loki, zile LiDE 110 na 210 zina kiswichi cha kufuli chini ya tumbo, kipindue uone alama ya kufuli wazi. Nimeona mtu anaiita mbovu skana nzima kumbe kufuli.

Kama skana ina adapta yake, igeuze usome maandishi madogo. Mitumba mingine imetoka Marekani na adapta imeandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V utasikia "pa" na harufu. Unataka iandikwe 100-240V. Na kama umekuja kwa ajili ya filamu, hakikisha taa ya mfuniko inawaka na vishikizo vya negativu vipo, maana kuvipata peke yake baadaye ni mtihani.

Ya hati au ya filamu, amua kwanza

Watu wanachanganya hapa. Skana za bapa, zile za kulaza karatasi juu ya kioo, ziko aina mbili ndani. Kuna za CIS, nyembamba, nyepesi, zinakula umeme wa USB tu, LiDE zote ziko humu. Hizi ni tamu kwa Tanga yetu kwa sababu umeme ukikatika laptopu ina chaji unaendelea na kazi, huna haja ya soketi. Ubaya wake zinaona kilicholala juu ya kioo tu, kitu kikinyanyuka milimita chache kinakuwa ukungu. Daftari nene la hesabu, lile la zamani lenye mgongo, maneno ya katikati hayatasomeka. Na hazina taa ya filamu (kuna chache sana za zamani zilikuja na kikorokoro cha filamu, zisahau).

Kuna za CCD, nene, nzito, zina adapta, hizi zinaona kwa kina na ndizo zinazobeba taa ya filamu kwenye mfuniko. Za zamani zenye taa ya mrija zinataka muda wa kupata joto, usiwe na haraka nazo, picha ya kwanza baada ya kuwasha huwa na rangi za ajabu.

Kwa vyeti, risiti, hati, barua, mi nashauri LiDE 110, 120, 210 au 220, zote ni genesys, ziko mtaani kwa wingi na Linux yoyote ya miaka ya karibuni inazijua bila kuongeza kitu. Kama ni ofisi au shule yenye karatasi mia mbili kwa siku, bapa itakuua mgongo, tafuta ya kuvuta karatasi yenyewe. Fujitsu fi na ScanSnap iX500 zinakwenda na draiva ya fujitsu vizuri mno, pande mbili kwa mpigo mmoja. Ila ScanSnap S1300i inatumia draiva nyingine, epjitsu, na inataka faili la ndani linaitwa 1300i_0D12.nal ulitoe kwenye programu yake ya Windows uliweke /usr/share/sane/epjitsu, bila hilo itaonekana kwenye orodha lakini haiskani ng'o.

Printa zenye skana juu: mpya nyingi hazihitaji draiva kabisa. Kuna mfumo unaitwa eSCL, Linux inausoma kwa sane-airscan, na kwa waya wa USB kuna ipp-usb inayosaidia. Vyote vimo ndani ya Debian tangu toleo la 11 la mwaka 2021. Kama boksi limeandikwa AirPrint na mashine ina skana, mara nyingi itakubali. HP za zamani kidogo zinataka HPLIP, programu ya HP wenyewe, na baadhi unatakiwa uongeze amri ya hp-plugin ambayo inadownlodi kipande kisicho huria (kampuni haiweki wazi kilichomo ndani), na kila HPLIP ikiapdetiwa hicho kipande nacho lazima kiapdetiwe la sivyo kesho yake skana imekufa na hujui kwa nini. Brother wanatoa draiva zao wenyewe, brscan4 na brscan5.

Filamu, hapa nitakaa kidogo

Kabla hujatafuta skana ya filamu toa negativu zako uzipime kwa rula. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa nimeshaweka akili kwenye Plustek OpticFilm, zile ndogo za filamu tu, 7200i, 7400, 7500i na 8200i ziko kwenye genesys, nzuri kwelikweli. Lakini zinameza milimita 35 peke yake, fremu ya 24 kwa 36. Nikarudi kwa shangazi nikapima, nusu ya bati ni vipande vya mraba, sentimita 6 kwa 6. Studio nyingi za enzi zile zilitumia kamera za filamu ya 120, hizo hazipiti kwenye OpticFilm hata kwa dua.

Kwa hiyo ikabidi bapa yenye taa. Kwa Linux bila maumivu, Canon 8800F, 9000F na 9000F Mark II zinakwenda na pixma pamoja na taa ya filamu, na zinachukua mraba wa 6 kwa 6. Mi nimeishia na 9000F. Epson Perfection V500 na V600 ni mashine nzuri pia ila zinahitaji kipande kisicho huria toka Epson wenyewe, kinafanya kazi, ila ujue umeingia kwenye utegemezi, siku Epson wakiacha kukitunza ndo basi. V370 nayo ni hivyo hivyo na inachukua 35 tu. Kama tayari unayo skana ambayo SANE haiijui, iko VueScan, ni ya kulipia na si huria, lakini imebeba draiva zake yenyewe za skana nyingi mno na ipo ya Linux, ijaribu bure kwanza, itakupigia alama juu ya picha lakini utajua kama mashine yako inaamka. Kuna watu wanaipinga kwa sababu si huria, mi nasema picha ya babu yako inayoliwa na ukungu haisubiri mjadala.

Sasa kuskani kwenyewe. Toa lile godoro jeupe la ndani ya mfuniko, bila kulitoa taa haipiti. Weka kishikizo sawasawa na ile sehemu yake ya wazi ya juu iache wazi kabisa, hapo skana inapima mwanga, vumbi moja tu pale linakuwa mstari kwenye picha zote. Upande wa negativu usiong'aa ndo wenye picha, utazame kwa kuinamisha kwenye mwanga wa dirisha utauona una kama kimchongo. Shika kingo tu. Usiilaze negativu moja kwa moja juu ya kioo, utapata viduara vya rangi kama mafuta juu ya maji.

Andika:

scanimage -A

Itakutolea machaguo yote ya skana yako. Tafuta sehemu ya source, majina yanatofautiana kwa kila draiva, moja itaita Transparency Unit nyingine Transparency Adapter. Chagua hiyo, sio Flatbed. Kina cha rangi chukua biti 16 kama ipo (kwenye pixma imejificha ndani ya mode). Kwa fremu ya 35 dpi 2400 inakupa pikseli 2268 kwa 3402 hivi, kama megapikseli 7.7, inatosha kuchapa na kukuza. Kwa mraba wa 6 kwa 6, ambao kiuhalisia picha yake ni milimita 56, hiyo hiyo 2400 inakupa karibu megapikseli 28 na faili la nyeusi na nyeupe la biti 16 linakuwa MB 56 hivi. Usidanganywe na namba kubwa za dpi kwenye boksi, baada ya hapo unakuza chengachenga tu na disk inajaa.

Usevu TIFF (aina ya faili la picha lisilopunguza ubora). Kama ni nyeusi na nyeupe, igeuze kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, ni hatua moja. Kama ni ya rangi ina lile ngozi la machungwa, ukiigeuza tu inakuwa ya bluu kama maiti, hiyo ipeleke darktable, programu nyingine ya picha, kuna moduli ya negadoctor toka toleo la 3.2, unaionyesha rangi ya filamu tupu ukingoni na yenyewe inatoa lile la machungwa.

Kitu kimoja watu wanauliza sana, ule mwanga wa infraredi wa kufuta vumbi. Unafanya kazi kwenye filamu ya rangi. Kwenye nyeusi na nyeupe ya kawaida haufai, kwa sababu picha yenyewe ni fedha na fedha inaziba infraredi, kompyuta inaiona picha nzima kama vumbi. Kwa hiyo za shangazi ilibidi pampu ya kupulizia, ile ya mpira, na subira. Na za ukungu usizioshe kwa maji! Ukungu unakula jelatini inakuwa inayeyuka, nilipoteza fremu mbili hivyo, maji yalibeba picha nikiwa natazama. Zipulize zikiwa kavu, ziskani kama zilivyo, kisha ziweke kwenye bahasha za karatasi pamoja na vipakiti vya silika jeli, sio kwenye nailoni.

Fremu ya tatu niliyoitoa ni wasichana wawili wamesimama mbele ya marobota ya mkonge, mmoja ameshika kibeti kwa mikono miwili. Nilipoikuza ikaonekana saa mkononi mwake, mshale wa saa unasomeka kabisa. Nikampelekea shangazi, akaitazama muda mrefu akasema huyu mwenye kibeti ni mimi, na hiyo saa haikuwa yangu.

Ikigoma, fuata mpangilio huu, usiruke

Anza chini kabisa. Fungua sudo dmesg -w kisha chomoa na uchomeke. Kama hamna mstari mpya hata mmoja, ni waya au tundu, badilisha waya, na wengi wanaishia hapa. Kama inaonekana halafu ghafla "USB disconnect" inajirudia rudia, ni umeme hautoshi, hasa LiDE kwenye habu au kwenye tundu lililochoka la laptopu, chomeka moja kwa moja na ikiwezekana upande mwingine. Skana za zamani pia haziivi na matundu ya USB 3, kama una ya USB 2 itumie. Kama huna, jaribu:

SANE_USB_WORKAROUND=1 scanimage -L

Imeshaniokoa kwenye ile shida ya kuskani mara ya kwanza freshi, mara ya pili "Error during device I/O" mpaka uchomoe.

Kama lsusb inaiona lakini scanimage haioni, jaribu sudo scanimage -L. Ikionekana kwa sudo na kwako haionekani ni ruhusa tu: sudo usermod -aG scanner $USER, toka kwenye akaunti uingie tena, usisahau kutoka, watu wanaandika amri halafu wanalalamika. Usizoee kuskani kwa sudo, mafaili yote yanakuwa ya root (msimamizi wa mfumo) na utashindwa kuyafuta. Kama hata kwa sudo haionekani, rudi kwenye namba na orodha ya SANE, halafu angalia /etc/sane.d/dll.conf kama draiva yake haijawekewa alama ya reli (#) mbele. Kuna amri ya sane-find-scanner, nayo ikisema imepata skana usifurahi mapema, inamaanisha imeona kitu kinachofanana na skana tu, haimaanishi draiva ipo.

"Device busy" ni kwamba programu nyingine imeishika. Funga Simple Scan zote. Kwa printa za pamoja mara nyingi mshikaji ni ipp-usb, anaibana USB yote peke yake na draiva ya zamani haipati nafasi. Jaribu sudo systemctl stop ipp-usb, ikifanya kazi umemjua.

Ikiwa inafanya kazi halafu inalala baada ya dakika kadhaa, ni laptopu inabana umeme wa USB, kama umeinstoli TLP (programu ya kubana umeme) ongeza namba ya skana kwenye USB_DENYLIST. Na ukiandika skripti usiweke ile libusb:001:005 ndani, hiyo namba ya mwisho inabadilika kila ukichomoa.

Ukishindwa kabisa na unataka kuomba msaada kwa wenzio, toa logi kwanza. Kwa genesys ni SANE_DEBUG_GENESYS=255 scanimage -L, kwa nyingine badilisha jina. Ukienda na logi pamoja na namba ya lsusb unasaidiwa siku hiyo hiyo, ukienda na "skana yangu haifanyi kazi" utajibiwa maswali wiki nzima.

Hati ziwe PDF inayotafutika

Hapa napita haraka. Barua na hati, dpi 300, rangi ya kijivu, inatosha, A4 inatoka pikseli 2480 kwa 3508. Kwa kurasa nyingi kwenye bapa:

scanimage --batch=uk%03d.tiff --batch-prompt --format=tiff --mode Gray --resolution 300

Kila ukiweka ukurasa unabonyeza Enter, ukimaliza Ctrl+D. Kisha img2pdf uk*.tiff -o hati.pdf. Na kilichonifurahisha kuliko vyote, Tesseract, programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi yenyewe, inasoma Kiswahili, instoli tesseract-ocr-swa pamoja na ocrmypdf kisha:

ocrmypdf -l swa --deskew hati.pdf hati-tayari.pdf

Hati ikiwa imechanganya lugha weka swa+eng. Sasa unaweza kutafuta neno ndani ya PDF kama mkataba wa pango wa miaka kumi nyuma na ukalipata. Mwandiko wa mkono haisomi, usijisumbue, na karatasi za kaboni zilizofifia ongeza dpi ziwe 400 uone.

Kama ofisini skana ni moja na kompyuta ni nne, washa saned (huduma ya SANE ya kushirikisha skana kwenye mtandao) kwenye ile yenye skana, ruhusu anwani za wenzake kwenye /etc/sane.d/saned.conf, na kwenye hizo nyingine andika anwani yake kwenye net.conf. Inapita poti 6566. Stesheneri moja ya Chumbageni nimewafungia hivi na wameacha kukimbizana na flashi.

Kutuma na kusafirisha

Ukimtumia ndugu picha kwa WhatsApp itume kama dokyumenti, ukiituma kama picha inabanwa na ile saa ya mkononi haitaonekana tena. TIFF asili weka kwenye disk mbili tofauti, na moja isikae nyumba moja na nyingine, mi yangu ya pili iko kwa shangazi ndani ya lile lile bati la biskuti, pamoja na silika jeli.

Na ukibeba skana kwenye bajaji, iwe ni ya kufuli, ifunge kufuli kwanza, itembee ikiwa imelala, kioo juu. Ukifika fungua kufuli kabla ya kuchomeka waya.